Tangawizi Iliyolambwa

Mama yangu mdogo Nyamoita hakuwa mtu wa kula kwa watu. Akialikwa mahali, kwanza alitazama kucha za anayepakua, kisha ukingo wa bakuli, kisha kitambaa kilichopangusa bakuli, na mara nyingi karamu yake iliishia hapo kwenye kitambaa. Angesema ameshiba, angesifu chakula asichokigusa, na akifika kwake angekoroga uji wake mwenyewe kabla hata ya kuvua leso. Watu walisema anaringa. Hakuringa. Alichukizwa tu, na alichukizwa kwa sababu alitazama. Sisi wengine tunakula kwa amani kwa sababu hatutazami.

Alizaliwa juu, upande wa Nyanchwa, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tatu. Kusoma alijifunza, kuandika alijifunza, lakini alichokishika kweli kweli ni kuchemsha. Maji, maziwa, kijiko, kitambaa cha vyombo, vyote vilichemshwa. Alipoolewa na Momanyi akateremka Nyamarambe, kwenye joto na mashamba ya miwa, alihama na kuchemsha kwake. Watu wa boma walimwona kituko. Mwanamke gani anachemsha kitambaa kama nyama?

Wakwe wenyewe niwataje sasa hivi, maana bila wao hakuna kisa. Baba mkwe wake alikuwa Angwenyi, mzee wa kanisa la Sabato pale kijijini, mrefu, mwenye koti jeusi ambalo hakulivua hata jua likiwaka namna gani. Mama mkwe alikuwa Persis, mfupi, mnene, mwenye maneno machache na yote ya kukata. Angwenyi alikuwa amekataza vitu vingi bomani mwake: pombe, tumbaku, ugoro, chai, kahawa, pilipili. Hayo ni mambo ya imani, sibishani nayo. Lakini mzee huyu alikuwa na utamu fulani katika kukataza. Ungeuona usoni pake, kama mtu anayeramba midomo baada ya nyama.

Tangawizi ya sukari Nyamoita alijifunzia mjini Kisii, mwaka wa hamsini au hamsini na moja. Alikuwa akipeleka ndizi za kupika kwenye hoteli ya chai ya Farah, karibu na msikiti, chumba kimoja cha mabati chenye mabenchi na birika lisilotoka motoni. Mke wa Farah aliitwa Hawo. Hawo alimkaribisha chai, Nyamoita akakataa kwa sababu ya dini, lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kitambaa. Kitambaa kilikuwa cheupe. Akatazama kucha za Hawo. Zimekatwa, zina hina, chini yake hamna kitu. Basi Nyamoita akaketi. Waliomjua wanaelewa kwamba kuketi huko kulikuwa jambo zito.

Kwa kuwa chai ilikataliwa, Hawo alimletea kisahani chenye vipande vya kitu cha manjano kilichovikwa sukari. Nyamoita aliniambia sukari ilivunjika chini ya jino, akadhani ni peremende tu, halafu joto likaanza kupanda pole pole, likatoka ulimini likafika puani, likamtoa machozi, na alipomeza alitaka kingine. Akala kingine. Akala na cha tatu, mkononi mwa mgeni, yeye ambaye hakuwa amekula kwa mtu tangu siku ya arusi yake, na siku hiyo pia alikula kwa kulazimishwa.

Hawo alilalamika kwamba tangawizi ya dukani inamfikia imekunjamana kama sikio la bibi kizee. Nyamoita akasema udongo wa Nyamarambe haukatai kitu. Wakapatana pale pale. Nyamoita atapanda, atapika, ataleta. Hawo atauza kipande kipande pamoja na chai. Hawo akamfundisha, akamsimamia mara mbili, mara ya tatu akaonja na kusema sasa mwanafunzi anamtia aibu mwalimu.

Kazi yenyewe si ya mtu mchafu wala ya mtu mwenye haraka. Unachimba tangawizi ikiwa changa, kabla haijafanya nyuzi. Ganda unalikwangua kwa ukingo wa kijiko, maana kisu kinakula na nyama yake. Unakata vipande vyembamba, unachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena na kumwaga tena, mpaka ule ukali wa kuunguza utoke ubaki ule wa kupendeza. Ndipo inapoingia sukari. Ya kupikia, Nyamoita alitumia sukari nguru, yale mabonge ya miwa yanayopikwa huko huko kwao, kwa hiyo tangawizi yake ilitoka na rangi ya asali, na sukari nyeupe ya duka la Mhindi ilikuwa ya kuviringishia tu. Shira ikikolea hadi mwiko unaacha njia chini ya sufuria, unaepua. Unatandaza vipande kwenye ungo vipigwe na upepo, vikianza kunata unaviviringisha kwenye sukari, halafu unavirudisha kwenye ungo vikauke kabisa. Ile shira iliyobaki aliitia kwenye uji wa wimbi, na jioni za mvua Momanyi na watoto walikunywa uji huo mpaka mabakuli yakalia.

Sasa huo ungo. Karibu na moto hauwezi kukaa, moshi utaharibu. Nje hauwezi kukaa, kuna nzi na kuku, na Nyamoita alimchukia kuku kama watu wengine wanavyomchukia nyoka. Akaupigia rafu ya mbao chini ya dirisha, dirisha wazi, upepo uingie. Nje ya dirisha hilo ndiko ilikopita njia ya kwenda zizini.

Angwenyi alipata harufu kabla ya kupata habari. Sabato iliyofuata alisimama kanisani akasema tangawizi ni ndugu ya pilipili, na pilipili ni ndugu ya pombe, na ukoo huo mzima kazi yake ni kuchemsha damu na kuamsha mwili. Akasema iko nyumba katika boma lake mwenyewe ambamo moto huo umeingia. Hakutaja jina. Kanisa zima likageuka kumtazama Nyamoita. Mchungaji alipopita mwezi uliofuata aliulizwa, akasema yeye hana neno na tangawizi iliyochemshwa, lakini Angwenyi hakuwa mtu wa kusahihishwa na mchungaji. Aliendelea kukataza. Wake za wazee wenzake waliendelea kuja kwa Nyamoita kwa mlango wa nyuma, wakiwa na vikopo chini ya leso.

Ikaenda hivyo vizuri karibu mwaka. Halafu mvua zilipoanza, vikatokea vipande vitupu.

Nyamoita angelala ameacha ungo mzima umevaa sukari, mweupe kabisa, na kesho yake mchana, akitoka shambani, angekuta vipande kadhaa viko uchi, vinang'aa, vinanata. Alidhani ni unyevu. Sukari huyeyuka kukiwa na mvua, kila mtu anajua. Akahamisha ungo upande ule wa rafu, vikatokea vipande vitupu upande ule. Akafikiri panya, lakini panya huguguna, na hivi havikugugunwa hata kidogo. Akawanusa watoto midomo kila jioni, mmoja mmoja, wakiwa wamepanga mstari kama wanaosubiri chanjo. Hawakunuka tangawizi. Momanyi alisema ni unyevu, na akamwomba aache kunusa watoto wa watu, maana siku hiyo alikuwa amemnusa na wa jirani.

Basi akakubali ni unyevu. Vile vitupu hakuvitupa, tangawizi yote hiyo na kuni zote hizo. Vingine alivifunga kwenye karatasi mbali, akampelekea Hawo kama vya daraja la pili. Vingine alikula mwenyewe, jioni, na uji. Kumbukeni hilo, kwamba alikula mwenyewe.

Mjini vile vitupu vilipata mwenyewe mara moja. Kulikuwa na fundi cherehani aitwaye Shariff, mzee mwembamba, aliyeshona kwenye baraza la hoteli ya Farah. Meno yake hayakupatana na sukari nyingi. Alivionja vile vitupu akasema hivi ndivyo hasa, laini, na vina ladha fulani ya ndani ambayo vile vingine havina. Akawa anawekewa.

Siku moja Nyamoita alipofika na makopo yake, Hawo hakumkaribisha kwenye benchi. Alimpeleka chumba cha ndani, akateremsha pazia, akafungua ile karatasi ya vipande vitupu vya safari iliyopita. Kwenye kimoja kulikuwa na punje za rangi ya kahawia zimegandia. Hawo alisema Shariff alidhani ni mdalasini. Yeye Hawo alinusa. Marehemu mama mkwe wake alinusa ugoro miaka yote, na harufu hiyo hata akiwa usingizini anaijua.

“Dada yangu, nikuulize na usinikasirikie,” Hawo alisema. “Unanusa ugoro?”

Nyamoita akashtuka. Akajibu kwamba yeye ni Msabato, na bomani kwao hakuna mwenye kunusa.

“Sasa huu umetoka wapi? Huko kwenu mvua inanyesha ugoro?”

Hawo akamwambia yaliyokuwa moyoni mwake, na aliyasema kwa sauti ya chini, jambo lililomuumiza Nyamoita kuliko kama angepigiwa kelele. Alisema wateja wake wanakula kwa kumwamini. Alisema hatachukua kipande kingine mpaka aende Nyamarambe aone jiko kwa macho yake. Akikuta pasafi, wataendelea kama zamani. Akikuta uchafu, wataachana kwa heri, lakini mtu akimuuliza kwa nini ameacha kuuza tangawizi ya Nyamoita, hatamdanganya.

Fikiria mwenyewe. Mwanamke ambaye jina lake lote ni usafi, anayeitwa mwenye maringo kwa ajili ya usafi, ambaye hana kitu kingine cha kujivunia mbele ya wakwe wala mbele ya mji. Soko zima la Kisii lingesema Nyamoita wa Nyamarambe anapika na ugoro kwenye vidole. Na wale wote ambao hakula vyakula vyao kwa miaka yote hiyo, wangecheka mpaka waketi chini.

Alirudi nyumbani akachemsha kila kitu. Alichemsha ungo, ukapinda, akanunua mwingine. Alisugua rafu kwa mchanga. Alimnusa Momanyi akiwa amelala. Akamfikiria mke wa jirani, akamfikiria mchungaji wa ng'ombe, akafikiria hata uchawi, yeye aliyesoma misheni.

Mtu wa nje hapa ataniuliza, na mzee je? Ndiyo, mtu wa nje atauliza. Kwetu swali hilo halikuja kichwani kwa mtu yeyote. Kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe kuna chinsoni, ile haya kubwa ya heshima, na sheria yake ya kwanza ni kwamba mzee haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii kwa mvua wala kwa msiba. Nyumba ikishika moto atamwagia maji akiwa nje. Kuingia kwake ni kuichafua nyumba yenyewe, na mwanamke wa nyumba hiyo aibu itamfuata mpaka kaburini, ingawa hakumwita. Kwa hiyo Nyamoita aliwanusa watoto, akamnusa mume, akamnusa na mtoto wa jirani, na Angwenyi alipita pale nje kila siku na koti lake, akikohoa kwa heshima ili mke wa mwanawe ajue kwamba mkwe anapita, ajifunike vizuri.

Hawo alikuja Alhamisi, ameketi mbele kwenye lori la sukari nguru, na ushungi wake, na mfuko wa halua kwa ajili ya watoto. Alitazama jiko. Alitazama kitambaa, akakinusa, akakirudisha. Alitazama kisima, akatazama kucha za watoto kabla hawajaenda shule. Nyamoita alimfuata nyuma kama mtu anayesubiri hukumu. Mwisho Hawo alisema haoni kitu, na hilo ndilo linalomtia wasiwasi zaidi. Akataka kukaa kutwa nzima. Momanyi alikuwa amekwenda kuuza mbuzi, watoto walikuwa shule. Wanawake wawili wakaketi pembeni mwa nyumba, kwenye giza kidogo, wakikwangua tangawizi mpya. Ungo wa jana ulikuwa kwenye rafu, mweupe kwa sukari, na dirisha lilikuwa wazi.

Baada ya chakula cha mchana walisikia kikohozi nje. Nyamoita akavuta leso kichwani kama desturi, akaendelea kukwangua.

Kisha mkono ukaingia dirishani.

Hawo mwenyewe ndiye aliyenisimulia sehemu hii, na kila aliposimulia alifuta vidole vyake kwenye nguo. Ulikuwa mkono mrefu wa mzee, wenye mshipa mnene, kucha ndefu na chini ya ukucha wa dole gumba kumejaa ugoro kama udongo chini ya jembe. Mkono ulipapasa ungo, ukachagua, ukachukua kipande, ukatoka. Nje kukasikika sauti. Hawo alisema ilikuwa kama ndama anyonyaye. Ilichukua muda wake, haikuwa na haraka. Halafu mkono ukarudi, ukakilaza kile kipande mahali pake, kitupu, kinang'aa kwa mate, ukachukua kingine.

Nyamoita alikiona kifungo. Kile cha mwisho cha mkono wa koti jeusi, kilichoshonwa na Persis kwa uzi mweupe kwa sababu mweusi uliisha. Akajifunika uso wote, akageukia ukuta.

Mkono uliporudi mara ya sita, Hawo alikuwa amesimama kando ya rafu. Aliukamata kifundo kwa mikono miwili, na Hawo hakuwa mwanamke mdogo.

“Mwache,” Nyamoita alinong'ona ukutani. “Ni baba mkwe.”

“Ni baba mkwe wako,” Hawo alisema. “Si wangu.”

Nje, Angwenyi alivuta. Ndani, Hawo aliegemea nyuma. Hakupiga kelele mzee, kwa sababu kelele zingeleta watu, na hakuingia kujitetea, kwa sababu hawezi kuingia. Hawo alimwambia apite mlangoni waongee kama watu. Nyamoita akasema kutoka ukutani kwamba hawezi kupita mlangoni. Hawo akasema sawa, basi atasimama hapo hapo mpaka magharibi, yeye ana nafasi.

Persis ndiye aliyewakuta. Alikuwa anatoka zizini na kibuyu, akamwona mume wake amejibana kwenye ukuta wa mwanawe, mkono mzima umemezwa na dirisha la mke wa mwanawe. Aliweka kibuyu chini taratibu, kisimwagike.

“Baba Momanyi,” alisema, “mkono wako unatafuta nini humo?”

Na hapa ndipo Angwenyi aliposema maneno ambayo mimi sijayasahau mpaka leo. Hakuomba radhi. Alijitetea, tena kwa kujiamini, kama yuko mimbarini. Alisema kwanza, hajaingia nyumba ya mwanawe. Miguu yake iko nje, yote miwili, na waitazame. Pili, hajala tangawizi. Tangu mvua zianze hajameza hata unyuzi wake, yeye analamba sukari tu na tangawizi anairudisha kwa mwenyewe, na sukari haijakatazwa popote. Kuhusu ugoro, huo ni wa kichwa. Kichwa kinamuuma.

Hawo alisema ndiyo mara pekee maishani mwake alipokosa neno, na alikuwa mke wa mwenye hoteli. Mtu mzima alikuwa amekaa, akafikiri, akapima sheria za Mungu na za ukoo, na akaona njia ya kupita katikati yake zote ni kunyonya peremende za watu na kuwarudishia.

Nyamoita hakugeuka. Kwa sauti ndogo aliuambia ukuta, akimwita mkwe wake Tata, yaani baba:

“Ukuta, muulize Tata. Vile vyote vitupu ni yeye?”

Angwenyi naye akauambia ukuta, upande wake wa nje:

“Ukuta, mwambie Moka Momanyi ni mimi. Lakini nilivipanga vizuri.”

Moka Momanyi, yaani mke wa Momanyi, alipita mlangoni mbio, leso usoni, akazunguka nyuma ya nyumba akatapika. Alitapika mpaka tumbo likakosa cha kutoa, kwa sababu kila alipodhani amemaliza alikumbuka jioni nyingine, bakuli jingine la uji, kipande kingine laini kilichong'aa. Mate ya mtu yeyote yangetosha kumtapisha. Haya yalikuwa ya baba mkwe, mtu ambaye hata kumtazama mdomo akila ni mwiko. Alisugua ulimi kwa chumvi, akausugua kwa jivu, na kwa siku nyingi baadaye alisema anaonja ugoro katika maji.

Persis alimwambia Hawo auachilie mkono. Kisha akaingia, akauchukua ungo, akautoa nje akauweka kwenye majani mbele ya mumewe. Akatia mkono mfukoni mwa koti jeusi kama mtu anayejua anachotafuta, akatoa kipembe cha ugoro, akakirusha kwenye samadi. Halafu akavitenga vile vinavyong'aa, kimoja kimoja, kwa ncha ya kijiti, asiviguse.

“Tafuna,” alisema.

Angwenyi alisema yeye tangawizi hali, ni mambo ya imani yake.

“Umevitia mate, ni vyako. Hakuna mtu mwingine hapa duniani wa kuvila. Utavitafuna, au nitamwambia Momanyi kwa nini hutaki.”

Akatafuna. Aliketi kwenye majani na koti lake, mzee wa kanisa, akatafuna vyote, na meno machache aliyokuwa nayo yalifanya kazi ile iwe ndefu. Jasho lilimtoka, machozi yakamtoka, akakohoa, na Hawo alisimama mlangoni mikono kifuani akimtazama mpaka cha mwisho. Alisema lilikuwa jambo baya sana kuliangalia, na hakuweza kuacha kuangalia.

Kisha Hawo akakunja mikono ya nguo, akamwita Nyamoita, wakachemsha tangawizi mpya pamoja tangu mwanzo. Ilipokauka kesho yake, kopo lake Hawo alilibeba mwenyewe hadi mjini, mapajani. Miaka hiyo hakumwambia mtu; mimi alinisimulia uzeeni. Alipoulizwa safari ilikuwaje, alisema hajawahi kuona jiko safi namna ile, na hiyo ilikuwa kweli kabisa. Jina la Nyamoita lilibaki zima. Hata likapanda.

Jumapili yake Angwenyi alikuwa amekata miiba, amezungushia ua mrefu nyuma ya nyumba ya mwanawe, na njia ya zizini ikahamia upande wa pili wa boma. Momanyi aliuliza ua wa nini. Baba yake akasema mbuzi. Momanyi alikufa akiamini ni mbuzi, na kwamba vile vitupu vilikuwa vya unyevu, kwa maana ni nani angeweza kumwambia mtu jambo kama hilo juu ya baba yake? Kanisani mzee aliacha habari za tangawizi kabisa. Alianza kuhubiri dhidi ya umbea, na sauti yake ilikuwa na utamu ule ule.

Nyamoita alipika tangawizi ya sukari mpaka nywele zikawa nyeupe, na watu walikuja kuichukua kutoka mbali. Yeye mwenyewe hakuila tena. Alionja shira ikiwa bado inachemka, akaungua ulimi, akatema, akasema imekolea. Kipande kilichokauka hakikupita midomo yake tena.

Ila kulikuwa na Shariff. Shariff aliendelea kuuliza habari ya vile vitupu vyake. Hawo alimpiga danadana mwezi mzima, akachoka, akamwomba Nyamoita ampikie vya kwake mbali, visivyoviringishwa, laini, visafi, vilivyofunikwa kwa kitambaa kilichochemshwa. Nyamoita akavipika kwa uangalifu kuliko vyote. Mzee wa watu akatafuna kimoja, akatafuna cha pili, akavitazama. Akasema ahsante, si vibaya. Lakini ile ladha ya zamani haimo, na huyo mama amwambie kwa haki ni kiungo gani alichoacha kutia.